Gari la Mwisho la Msafara

Wiki jana hadithi yangu iliwaacha kwenye kizuizi cha barabarani, nje ya mji wa Isiolo, pale wanajeshi waliporudisha pikapu ya mume wangu bila mume wangu. Wengi mmeniuliza kama nililia. Sikulia. Niliuliza kama funguo zimo.

Wewe unayeanza nami leo, jina langu ni Kagwiria. Anderson, mume wangu, alikuwa na kazi ya kuvuta tangi la maji kwa pikapu yetu. Tangi lenyewe lilikuwa trela ya serikali yenye magurudumu mawili. Alilitoa Isiolo akalipeleka kijiji cha ulinzi, upande wa Garba Tula. Ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, wale waasi wa kaskazini. Waborana walikuwa wamekusanywa ndani ya ua wa miiba, visima vyao vikabaki nje, na kutoka bila ruhusa kulikuwa kujitafutia risasi. Maji yao yalikuwa yale tuliyowavutia sisi.

Magari yote yalikwenda kwa msafara, na wanajeshi wakiyalinda. Msafara haukumngojea mtu. Anderson alikwama kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu usio na daraja, wenzake wakaendelea. Waliporudi walikuta gari peke yake. Hapakuwa na damu wala maiti. Hapakuwa hata na kofia yake.

Basi ndipo tulipofika.

Wanawake wa kanisa walikuja kunifariji. Waliimba, wakaomba. Katikati ya maombi nilisimama nikaenda kugeuza maharagwe jikoni. Niliwasikia wakinong'ona kwamba ni mshtuko, utapita. Binti yangu Gakii nilimpeleka kwa mama yangu Meru, kwa sababu kila nikigeuka nilimkuta akiniangalia usoni, akingoja kitu ambacho sikuwa nacho.

Nilikuwa nikila na kulala vizuri. Sikuhisi chochote, na hilo nalo halikunisumbua.

Kazi ya maji haikungoja matanga yaishe. Nilimwajiri Gababo, Mborana mwenye pasi ya udereva, mtu mpole wa maneno machache. Watu wake walipopelekwa kijijini yeye alikuwa kazini hapa mjini, ndiyo maana alibaki nje ya ua na mkewe akawa ndani.

Tatizo letu lilikuwa pikapu. Ilikuwa nzuri kwa kubeba unga na watu wawili watatu, lakini tangi likijaa ilifika kwenye mchanga ikakaa chini kama punda aliyechoka. Baada ya yaliyompata Anderson, Gababo hakutaka kujaribu bahati. Alikuwa akilijaza tangi nusu.

Hapo ndipo Mbuthia alipokuja.

Mbuthia alikuwa mwenye duka karibu na soko, Mkikuyu aliyekuwa Isiolo tangu kabla ya uhuru. Alikuwa na pikapu kubwa iliyokuwa ya jeshi, pua ndefu, matairi ya kumfika mtu kiunoni, na kulabu ya kuvutia nyuma iliyochomelewa kwenye chesisi yenyewe. Alisema tubadilishane. Mimi nichukue ile kubwa, yeye achukue yangu. Hataki nyongeza.

Nilimuuliza kama ni mgonjwa. Akacheka kidogo, akasema biashara yake ni ya sukari na sabuni, gari kubwa linamlia mafuta bure.

Gababo aliizunguka ile pikapu, akainama chini yake, akapapasa kulabu. Alisema tuichukue. Hata chai hakumaliza. Mimi nilisema nitafikiria. Pikapu yetu Anderson aliinunua mitumba akaijenga upya kwa mikono yake, na ingawa sikuhisi chochote nikiitazama, sikuona sababu ya kuitoa kwa haraka.

"Kwani kuna haraka gani?" nilimuuliza Gababo. "Hata nusu tangi ni maji."

Akasema niende nikaone mwenyewe.

Basi nikaenda. Kizuizini afande aliitazama pasi yangu, akaniuliza mwanamke anafuata nini huko. Nikamwambia nakwenda kuangalia tangi langu. Akaniruhusu, nadhani kwa kuchoka tu.

Kijijini madebe yalikuwa yamepangwa mstari tangu langoni hadi nyuma kabisa ya vibanda. Hakukuwa na kelele wala kusukumana. Mzee mmoja mrefu, Jattani, alisimama karibu na mfereji wa tangi akiwa na fimbo ambayo hakuitumia hata mara moja. Gababo alinieleza kwamba huyo ni abba herega, yaani msimamizi wa zamu ya maji. Kule visimani kwao ndiye alikuwa akisema ng'ombe wa nani wanywe kabla ya wa nani. Sasa hakuna ng'ombe, visima viko nje, lakini zamu imebaki, na yeye akabaki nayo.

Maji yalipoishia, mstari ulikatwa hapo. Tangi linalofuata lingeanzia hapo hapo. Nusu ya kijiji ilipata safari hii, nusu nyingine ingepata safari ijayo. Waliokosa walichukua madebe yao makavu wakarudi vibandani bila kulalamika.

Mkewe Gababo aliitwa Sadia. Alikuwa msichana tu, ana mtoto mchanga mgongoni. Tulipokuwa bado tunagawa, maji yakiwa karibu kuisha, yeye alikuwa wa kwanza katika wale ambao wangekosa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mtoto alikuwa analia kilio kile kidogo kisicho na nguvu, mnaojua watoto mnakijua.

Gababo alimsalimia kwa mbali, kwa kichwa tu, akaendelea kushika mpira wa maji.

"Mpe mkeo kwanza," nilimwambia. "Si wewe uliyeyaleta?"

"Maji iko na zamu, Mama Gakii. Mimi nikiruka leo, kesho mwenye nguvu ataruka. Hapo watoto ya watu itakufa."

Niliona ni ujinga. Nawaambia kweli, niliona ni ujinga mtupu wa kiume. Alipogeuka kwenda kukagua matairi, nilichukua debe la Sadia mwenyewe nikalijaza. Yeye alikuwa akitikisa kichwa, akisema maneno ya Kiborana ambayo sikuyaelewa. Nilifikiri ananishukuru.

Mzee Jattani alikuja polepole. Hakunigombeza. Alimuuliza Sadia neno, naye akajibu kwa neno moja. Mzee akalichukua debe, akammiminia mwanamke aliyekuwa na zamu yake, mpaka tone la mwisho. Halafu akalibeba lile debe tupu hadi mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya kila mtu, hata waliokwisha kuchota, nyuma hata ya wageni walioletwa juzi kutoka Korbesa, akaliweka chini.

Njiani kurudi nilimuuliza Gababo ni kwa nini. Ikabidi nimuulize mara ya pili ndipo akanieleza. Anayechota bila zamu, zamu yake inaanza upya. Haijalishi kama alikunywa au hakunywa.

"Lakini ni mimi niliyechota," nilisema.

"Debe ilikuwa yake."

Safari ijayo Sadia alikuwa awe wa kwanza. Sasa alikuwa wa mwisho wa kijiji kizima, na nusu tangi lisingeweza kumfikia. Majirani wangempa kikombe leo na kikombe kesho, lakini kila mtu alikuwa na wake. Gababo aliniambia maziwa ya mama yameshaanza kukatika. Alinieleza kwa sauti ile ile aliyoitumia kunieleza habari za breki.

Kitu pekee kilichoweza kumfikia Sadia ni tangi lililojaa. Na tangi lililojaa halivutiki kwa pikapu yetu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kwa Mbuthia kabla hajamaliza kufungua madirisha. Mkewe Wangui alikuwa nyuma ya kaunta akipima sukari. Nilimwambia Mbuthia nimekubali, alete funguo. Akazitoa mfukoni mara moja, kama mtu aliyekuwa amelala nazo.

Wangui akaacha kupima.

"Mama Gakii, usishike hizo funguo bado," alisema. "Muulize kwanza ni kwa nini anataka gari dogo."

Mbuthia akamwambia mkewe kitu kwa Kikuyu. Wangui alikunja mikono akasimama pale pale.

Basi Mbuthia akasema. Afande wa msafara alikuwa na amri yake: gari lenye nguvu na kulabu linakaa mwisho, ili likute waliokwama na kuwavuta. Mwisho pale hakuna mwanajeshi nyuma yako, kuna vumbi na vichaka tu. Dereva wake Erot, Mturkana ambaye watu walisema haogopi kitu, alikuwa ameacha kazi akarudi kwao. Tangu hapo Mbuthia alikuwa akiendesha mwenyewe, na kila safari ilimzeesha. Pikapu ndogo ingewekwa katikati, mahali salama.

"Mimi ni mwoga, Mama Gakii. Sitakudanganya."

Nilimwambia hilo si kosa, nikanyoosha mkono nipokee funguo.

"Mwambie na ile ingine," alisema Wangui.

Mbuthia alikaa juu ya gunia. Alitazama mlangoni kama anayeomba mteja aingie, lakini ilikuwa mapema mno kwa wateja.

"Siku ile, gari ya mwisho ilikuwa mimi," alisema.

Akaendelea. Alimkuta Anderson kwenye laga, akasimama. Anderson alikuwa ameshafunga mnyororo kwenye pikapu yetu, akaja akiuvuta ule upande wa pili aje aufunge kwenye kulabu. Kukasikika mlio vichakani. Pengine ni bunduki, pengine ni tawi lililovunjika. Mpaka leo hajui.

"Nikakanyaga mafuta. Nilimwona kwa kioo. Alikuwa bado ameshika mnyororo. Hakupiga hata kelele, alikuwa ananiangalia tu."

Wangui alianza kulia. Mimi nilingoja hasira ije. Nilisimama pale nikaingojea, nikitazama miche ya sabuni kwenye rafu. Nilijua mwanamke mwingine angeshika jiwe la mizani akampasua nalo kichwa. Nilifikiria jiwe la mizani, nikaona ni zito, nikaacha kulifikiria.

"Gari linawaka vizuri asubuhi?" nilimuuliza.

Akaniangalia kama asiyenielewa. Akasema linawaka.

"Basi leta funguo."

Wangui alininywesha chai kabla sijaondoka. Aliitia sukari nyingi sana. Niliinywa yote nikaaga.

Najua mnachosema sasa hivi. Mnasema huyu mwanamke hana damu. Hata mimi nilijisema hivyo njiani kurudi nyumbani. Lakini fikirini. Kama ningekataa gari kwa sababu ya Anderson, Anderson asingerudi, na Sadia angebaki nyuma ya mstari ambako nilimpeleka mimi kwa mikono yangu.

Gababo nilimwambia habari ya nafasi ya mwisho. Hakushtuka. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza.

"Nikikuambia ungekataa," alisema.

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini Sadia iko nyuma ya watu yote, na mimi nitakuwa nyuma ya magari yote. Ni sawa."

Habari ya Anderson na Mbuthia nayo nilimwambia. Hiyo hakuwa anaijua. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi, akasema pole kwa Kiborana na kwa Kiswahili, halafu akaniuliza kama tukafunge tangi.

Tulilijaza hadi juu. Gababo alilivuta kwa kulijaribu kwenye ule mwinuko wa kuelekea msikitini, na ile pikapu ikapanda kama haina kitu nyuma. Wazee waliokuwa wamekaa nje walisimama kuangalia. Ningekuwa mtu mzima wa akili ningefurahi.

Asubuhi ya msafara nilipanda mbele, kando ya Gababo. Alinisihi nibaki. Nilimwambia kama yeye atakuwa mwisho kwa ajili ya kosa langu, mimi siwezi kukaa nyumbani nikichambua maharagwe. Magari yalipangwa kizuizini. Mbuthia alikuwa katikati na ile pikapu yetu, ameipakia sukari na unga wa duka jipya alilotaka kufungua Garba Tula. Aliinua kofia kunisalimia. Nami nikainua mkono.

Vumbi la magari lilikuwa zito, hatukuona aliye mbele. Gababo alikuwa akiomba chini chini. Nyuma yetu hakukuwa na kitu, na nilijizuia kugeuka. Tangi lilitufuata vizuri, bila kuyumba.

Tulipofika kwenye laga, magari mengine yalikuwa yameshapanda ukingo wa pili. Moja tu lilibaki mchangani. Nililijua kabla vumbi halijatulia, kwa sababu rangi ya mlango wake niliipaka mimi.

Mbuthia hakuwa amezoea gari dogo lenye mzigo. Alikwama, akaingia chini na jeki bila kuweka ubao chini yake. Kila dereva wa upande huu anajua mchanga wa laga haushiki jeki. Jeki ilizama, gari likamshukia. Gurudumu la nyuma lilikuwa juu ya paja lake, na kila mara wanajeshi wawili waliokuwa pale walipojaribu kuchimba, gari lilizidi kumkalia.

Afande alirudi mbio kwa gari lake. Alitazama vichaka, akatazama saa. Alisema anatupa dakika chache tu, akipuliza filimbi tunaondoka, tuwe tumemaliza au hatujamaliza. Alisema tukilisukuma kwa mikono litarudi nyuma na gurudumu limpande tumboni. Livutwe mbele, na kulabu ni moja tu, ile iliyo nyuma yetu.

Kulabu hiyo ilikuwa imeshika tangi.

Gababo alishuka akaenda nyuma. Nilimfuata. Aliinama akashika pini inayofunga tangi kwenye kulabu, lakini hakuichomoa. Alinieleza haraka, kwa sauti ya chini. Tangi limejaa. Tukilifungua hapa, mguu wake wa mbele utazama mchangani, na hatuwezi kuliinua tena mpaka tumwage maji yote. Na afande alikuwa ameshasema kwamba haachi tangi la maji porini Shifta wakalinywa. Likibaki, atalitoboa kwa risasi.

"Gari ni yako, Mama Gakii," alisema Gababo. "Wewe sema."

Macho yake hayakuniomba chochote. Huyu ni mtu ambaye mkewe alikuwa nyuma ya mstari na mtoto asiye na maziwa, na ambaye hakutaka kumrukisha hata debe moja. Alinipa zamu yangu.

Nilitembea hadi pale Mbuthia alipolala. Mchanga ulikuwa umemwingia masikioni. Aliniona.

"Mama Gakii," alisema. "Mama Gakii, wewe unajua nilichofanya. Lakini usiniache."

Akajaribu kujivuta, gari likasogea kidogo tu, naye akapiga ukelele ambao sitausahau.

Hapo ndipo nilipohisi kitu. Nawaambia kama kilivyokuwa, kwa sababu sitaki kuwaficha kitu. Tangu siku waliyonirudishia pikapu bila Anderson sikuwa nimehisi njaa wala huzuni wala hofu, na sasa kitu kilipanda kutoka tumboni, cha moto, kikanijaa kifuani hadi nikashika mlango wa gari nisianguke. Nilidhani ni huruma. Nilisimama nikakisikiliza.

Ilikuwa furaha.

Nyuma yangu Gababo alikuwa ameshika pini, ananingoja nitamke neno moja tu. Na mimi bado nilikuwa ninafurahi, sijalitamka, filimbi ilipolia.